Kahawa Juu ya Paa la Baba

Mdogo wangu wa kiume alikubali kila kitu katika mchoro wangu wa bustani isipokuwa kahawa. Alikubali mabenchi, alikubali matangi ya maji ya mvua, alikubali hata kile kivuli cha nguzo za mbao ambacho nilikuwa na hakika atakikataa. Michaichai aliisifu. Kisha kidole chake kikashuka hadi ukingoni mwa karatasi, pale nilipochora viduara vya kijani kufuata ukuta mfupi unaozunguka paa, akauliza hivi ni nini. Nikamwambia ni kahawa, robusta ya kwetu. Akaondoa kidole, akavua miwani, akasema hizo hapana.

Nikadhani ananitania. Sisi wawili utani ndio lugha yetu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani, na mpaka leo akinikera namkumbusha kwamba alinikojolea gauni la komunyo ya kwanza. Basi nikamuuliza Mhaya gani huyo anayekataa kahawa. Hakucheka. Akarudia kwa upole uleule kwamba hizo hapana, niweke kitu kingine. Nikachemka palepale, maana hasira yangu haijui kusubiri, na mchoro ule ulikuwa umenilia wiki nyingi.

Paa lenyewe ni la jengo la ofisi la ghorofa tatu, katikati ya mji wa Bukoba. Baba alilijenga kidogo kidogo, kwa maisha yake yote ya kununua na kuuza kahawa ya watu. Kiwanja alikipata kwa familia ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa mahali hapo, na mpaka anazeeka wazee wa mjini walikuwa bado wanasema wanakwenda kwa Mhindi walipokuwa wanakuja kwake. Jambo hilo lilimchekesha sana. Juu kabisa aliacha zege tupu na nondo zimechomoza, akiamini ghorofa nyingine itafuata. Haikufuata. Kilichofuata ni mvua, na ya Bukoba mnaijua. Maji yalituama juu ya zege, yakapata ufa, yakaingia. Wapangaji wa ghorofa ya juu ni mawakili, na walifikia kufanya kazi na ndoo miguuni.

Mimi nilirudi Bukoba baada ya ndoa yangu kuvunjika kule Mwanza. Nilirudi na watoto wawili na kazi ambayo mji wetu ulikuwa haujaisikia: nasanifu bustani za majengo, zile zinazokaa juu ya mapaa, kwenye vibaraza vya ofisi, mahali ambapo watu hawakutegemea kuona jani. Nikapanga nyumba Nyanga. Watu walipouliza nafanya nini nikasema bustani, na wote wakadhani nauza miche.

Baba alikuwa bado hai, kifua kikimsumbua. Asubuhi moja aliniomba nimsindikize juu. Tulipanda ngazi akipumzika kila kona, na tulipofika alisimama katikati ya madimbwi, akashika nondo moja iliyoota kutu, akatazama ziwa. Akaniambia, "Hapa juu pafanye unavyojua wewe." Ni hilo tu. Tukateremka, tukanywa chai.

Alipofariki ukoo ulikaa, na mdogo wangu akawa omusika, mrithi mkuu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Jengo likawa lake. Kibanja, lile shamba la nyumbani Kishanda, kule Muleba, kikawa chake. Mimi, mtoto wa kwanza wa tumbo la mama, sikutajwa popote. Sitasema nilishangaa. Binti wa kwetu anakua akijua kwamba atatajwa kwingine, kwenye ukoo wa mume. Mimi kwa mume ndiko nilikotoka, na mlango wa huko ulikwishafungwa. Kwa hiyo sentensi ile ya baba niliishika kwa mikono miwili. Nilitaka mahali pamoja tu, katika vyote alivyoacha baba yangu, ambapo nikienda hakuna atakayeniuliza nimefika kwa nani. Nilipataka pale juu, na sina haja ya kuzunguka mbuyu.

Sasa kwa nini kahawa? Wengi walifikiri ni mapenzi, kwa kuwa baba alikuwa mtu wa kahawa. Mapenzi yalikuwepo, siwezi kukataa, lakini mimi sichori kwa mapenzi. Bustani ya juu ya zege ina adui mmoja mkubwa, na si mzizi kama watu wanavyodhani. Ni jembe. Chini ya udongo inatandikwa karatasi nene ya lami inayozuia maji, juu yake kokoto, juu ya kokoto kitambaa, ndipo udongo. Jembe likishuka kwa nguvu likaitoboa ile karatasi, umekwisha, maji yatapita na hutajua yalipoingilia. Ndiyo maana panatakiwa mimea ya kudumu. Unaipanda mara moja, unaifunika matandazo ya nyasi, unaiacha. Hakuna wa kulima, hakuna udongo mtupu wa kuchapwa na mvua na kukimbilia kwenye mabomba. Kahawa ikipogolewa vizuri haiwi mti mkubwa, inavumilia upepo wa ziwani kuliko mgomba, na maganda yake yanatupwa bure kwenye mashine za kukobolea, yakioza vizuri yanakuwa udongo mwepesi wa kutosha kubebwa na paa. Kila kitu kilikuwa cha hapahapa. Nilijisifu nilipoumaliza mchoro ule. Sisi Wahaya kujisifu hatufundishwi.

Mdogo wangu akaanza kunipiga chenga. Kwanza akasema uzito. Nikaleta injinia, akapima, akaeleza kwamba vitanda vya udongo vikikaa juu ya mihimili havina shida. Akasema mizizi. Nikamweleza habari ya mizizi mpaka mate yakanikauka. Akasema nyoka. Nyoka gani atapanda ngazi za ofisi ya mawakili? Akasema ndege watachafua. Akasema wakati wa senene, panzi wetu wa kuliwa, watu wataomba paa waweke taa na mabati ya kutegea, kahawa zitawazuia. Hapo nilicheka kwa hasira, nikamwambia aseme tu kama anataka kuwa mfanyabiashara wa senene nijue moja. Kila nilipofunga mlango mmoja alifungua mwingine. Wala hakuwa mtu wa ubishi, ndilo lililonichanganya. Tangu utoto ni mtu wa kukubali na kusahau.

Mwishowe nilimfuata nyumbani kwake, Kagondo, siku ya Jumapili baada ya misa. Mkewe alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamwambia mdogo wangu sitoki pale mpaka aniambie sababu ya kweli, na kama ni kuniona mjinga aseme. Akazungusha kikombe chake. Kisha akasema taratibu, bila kuniangalia.

"Dada, panda mchicha. Panda maua, panda nyanya. Usipande kitu cha kudumu. Watoto wako wana ukoo wao."

Nilielewa papo hapo, na nilitamani nisielewe. Kwetu kibanja ni migomba na kahawa, na anayepanda migomba na kahawa ndiye mwenye mahali. Ukiazimwa kipande cha ardhi, unaruhusiwa maharage, mahindi, viazi, vitu vya kuvuna vikaisha. Cha kudumu hugusi. Siku ugomvi ukitokea, wazee wanaulizana kitu kimoja, nani alipanda. Ndiyo maana wanawake tangu zamani tuna omusiri, kijishamba kule rweya kwenye nyasi. Mwanamke analima njugu mawe na viazi vyake, msimu ukipita nyasi zinarudi, na hakuna alama kwamba aliwahi kuwapo. Haya yote nayajua tangu utoto. Shambani nisingethubutu hata kushika mche wa kahawa bila kuambiwa. Lakini zege! Ghorofa tatu juu ya barabara, juu ya vichwa vya mawakili. Nilidhani desturi ile inaishia kwenye udongo wa chini.

Yeye hakudhani hivyo. Aliona kahawa zangu pale ukutani, akaona watoto wangu wakiwa watu wazima, wa ukoo wa baba yao, wanapanda ngazi kuja kuvuna, na wazee wanauliza nani alipanda. Kwa hesabu zake hakuwa mwovu. Alikuwa analinda alichokabidhiwa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mtu mwovu ningemtukana nikalala usingizi. Nilimuuliza kama baba hakuniambia mimi pale juu nipafanye ninavyojua. Akajibu kwamba baba alisema nipafanye, hakusema niwe napo. Mkewe akaingia na sahani ya ndizi na maharage, akatukuta hatutazamani, akaiweka mezani na kurudi jikoni.

Wakili mmoja, kijana mwenye adabu, aliyesikia fununu, alinikuta kwenye ngazi akaniambia kisheria nina la kusema, mtoto ni mtoto. Nilimshukuru. Lakini sheria haitakuja kuketi nami Krismasi. Nimpeleke mahakamani mtoto niliyembeba mgongoni, tusimame pale tukiitana mlalamikaji na mlalamikiwa? Sikuweza. Watu husema nina mdomo. Ni kweli ninao, lakini huko sikuweza.

Nikaenda Kishanda kwa mama. Nilimkuta kibanjani anatandika nyasi chini ya migomba, ameinama, anazipanga kwa mkono. Nilimsaidia, kisha nikamweleza yote, nikamwomba azungumze na mwanawe. Nilisema wewe ndiye mama yake, wewe atakusikiliza. Mama alinyooka, akashika kiuno. Akanipeleka barazani, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, tukatafuna. 

"Kila mgomba unaouona hapa niliutandikia nyasi mimi," akasema. "Sasa nikaongee na mwenye kibanja, nikisimama wapi?"

Hakusema kwa uchungu, na hilo lilinitisha. Alisema kama mtu anayekuambia njia ya kisimani. Usiku ule nililala kitandani kwake, tukiwa tumepeana migongo, nikamsikia anasali rozari yake mpaka mwisho, nami sikuweza kumwitikia hata Salamu Maria moja. Nilikuwa namkasirikia yeye, ambaye hakuwa amenikosea chochote. Nilimkasirikia kwa sababu nilikuwa nimeona mbele yangu ninavyoelekea kuwa.

Nikarudi mjini, nikafanya bustani kama ilivyotakiwa na mwenye jengo. Ningeweza kuacha, lakini watoto walikuwa wanasoma, na isitoshe sikutaka paa la baba liguswe na mtu atakayebahatisha. Nilifuta viduara vya kijani. Kwa kuwa mboga hazihitaji udongo wa kina, vitanda vya ukutani vikawa vifupi, ili paa lisibebe uzito wa bure. Nikatandika karatasi ya lami kwa mikono yangu pamoja na mafundi, nikikagua kila mshono. Nikaweka miteremko ya kupeleka maji kwenye matangi. Nikapanda mchicha, sukuma wiki, nyanya, maua ya kila rangi. Michaichai ilikubaliwa, kwa kuwa machoni pa watu ni nyasi tu. Kisha nikamwambia mdogo wangu, na nikamwambia mama anayefanya usafi wa jengo, na nikaandika ukutani kwa herufi kubwa, kwamba jembe lisipande huku juu. Kulima ni kwa mkono na kijiko cha bustani.

Kwa muda palipendeza, nisiseme uongo. Mawakili walianza kula chakula cha mchana juu. Wasichana wa ofisi za chini walipanda kupiga picha ziwa likiwa nyuma yao. Mdogo wangu alileta wageni, akanitambulisha mbele yao kwamba huyu ni dada yetu, amekuja kutusaidia. Amekuja kutusaidia. Nilitabasamu, nikameza, na nikienda nyumbani nikalia bafuni ili watoto wasinione.

Mchicha, kama mnavyoujua, hauchelewi kuzeeka. Masika yalipofika vitanda vilikuwa vimechoka, vinataka kupandwa upya. Mama wa usafi akang'oa mabua, akaona udongo umeshindiliwa na mvua ukawa mgumu, akafanya ambalo mkulima yeyote wa Kagera angefanya. Alileta jembe lake kutoka nyumbani. Alilima vitanda vyote mpaka chini, vizuri kabisa, mistari imenyooka. Simlaumu, na nilimwambia mdogo wangu asithubutu kumlaumu. Mtu ukimwambia alime mboga bila jembe umemwambia kitu ambacho mikono yake haikijui. Kosa lilikuwa kupanda kitu cha kulimwa mahali pasipotakiwa kulimwa.

Mvua iliyofuata ilinyesha kutwa nzima. Maji yalipita kwenye matundu yote yale, yakatafuta nyufa za zamani, yakamwagika katikati ya ofisi ya mawakili, juu ya meza na majalada ya watu. Dari likabomoka kipande. Mdogo wangu alinipigia simu, sauti imempanda, akasema bustani yako imetuharibia jengo. Haki ya Mungu, aliiita yangu. Mvua ile ilikuwa imenipa bustani niliyokuwa nimenyimwa kwa sababu ya kahawa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, ya Kihaya, kwa kuwa kwa Kiswahili yangekuwa mepesi. Kisha nikavaa mabuti nikaenda.

Tulikutana juu, mvua imepungua. Nilifukua kwa mikono, nikamwonyesha karatasi ya lami ilivyochanika, alama za jembe moja baada ya nyingine. Aliinama akagusa mchaniko kwa kidole. Mawakili walikwishasema watahama mwisho wa mwezi. Nikamweleza bila kupandisha sauti kwamba naweza kuziba, naweza kutandika upya, lakini nikipanda tena cha kulimwa, jembe litapanda tena ngazi, leo au mwakani. Achague. Ama pawe na mimea ya kudumu na jengo lipone, ama ang'oe bustani yote. Alinitazama kwa macho mekundu. Nilimwona baba usoni mwake, na nikamhurumia, huku nimekasirika hivyohivyo.

Akateremka ngazi. Nilisikia amekwenda Kishanda kuongea na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu. Kisha jioni moja akanipigia, sauti yake ile ya zamani, ya kukubali na kusahau. "Dada, tumekaa na baba mdogo. Utapata kahawa zako," akasema. Nilikaa chini sakafuni. Binti yangu akanikimbilia akidhani kuna msiba. Nilikuwa nacheka na kulia, nikamwambia babu yako, babu yako, na mtoto wa watu asielewe chochote. Usiku ule nilirudia kuchora vile viduara, kila kimoja mahali pake pa mwanzo.

Nilifanya kazi kama kichaa. Mafundi walinichoka. Tulitandika lami upya, tukainua vitanda vya ukutani juu ya mihimili, tukavijaza udongo wangu wa maganda ya kahawa yaliyooza, mweusi, mwepesi, unaonukia. Mawakili waliposikia bustani inafanywa upya na kuona dari lao linakauka, wakasema wangoje kwanza. Miche niliifuata mwenyewe kitaluni, nikaichagua mmoja mmoja, nikiigeuza kutazama mizizi na shingo, pale shina linapoanzia. Nilimwahidi binti yangu kwamba na yeye atakuja kupanda wake, shule ikifungwa. Sikuona hatari yoyote katika kuahidi. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa.

Siku ya kupanda nilifika mapema nikaipanga miche kando ya vitanda, kila mmoja mbele ya shimo lake. Nikavaa nguo za kazi. Kisha nikasikia watu kwenye ngazi, wanapumzika kila kona. Alitangulia baba mdogo, amevaa koti lake la kanisani, na wazee wawili wa ukoo kutoka Kishanda nyuma yake, kofia mkononi. Nikadhani wamekuja kuona. Niliwakaribisha, nikawaonyesha ziwa, nikaanza kuwaeleza habari ya lami. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mdogo wangu akatokea, na alikuwa amevaa mabuti ya mpira na amekunja suruali.

Baba mdogo ndiye aliyesema, na alisema kwa upole sana. Alinishukuru kwa jina la ukoo kwa kazi niliyoifanya kwenye mji wa kaka yake, ndivyo alivyoliita jengo. Alisema mchoro wangu ni mzuri, hakuna atakayehamisha hata mche mmoja, kila kitu kitakaa nilipokiweka mimi. Kisha akasema mwenye mji sasa atapanda kahawa zake, na wao watatu wamekuja kuona kwa macho yao. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilimtazama mdogo wangu. Yeye alitazama miche.

Nilitaka kuteremka ngazi. Nilitaka kupiga teke kitanda cha kwanza udongo umwagike wote barabarani.  Lakini mdogo wangu alikwishapiga goti, ameshika mche wa kwanza, anaushika vibaya, kwa shina, kama mtu anayeng'oa karoti. Huyu ni mtu wa mjini, katika maisha yake hajapanda hata tangawizi. Aliusukuma shimoni mpaka majani ya chini yakagusa udongo. Kahawa ikizikwa shingo inaoza. Ingedumu mwaka mmoja hivi, kisha ingekufa, yote, kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Ningeweza kunyamaza, na nilifikiria kunyamaza.

Sikuweza. Niliinama nikaushika mche ule niuinue, na vidole vyangu vilipogusa udongo, baba mdogo akakohoa.

"Mwanangu, mikono toa," akasema. "Mwelekeze tu."

Nikasimama. Nikaweka mikono nyuma, mmoja ukaushika mwingine, nikamwelekeza mdogo wangu kwa mdomo. Inua. Bado. Inua kidogo tena, shingo ionekane. Zungusha, mzizi umejikunja. Hapo. Sasa rudisha udongo, shindilia taratibu, usitumie ngumi. Nikasogea naye mpaka mche wa pili, na wa tatu, na ukuta wote ule wa upande wa ziwa, yeye akitambaa kwa magoti na mimi nikitembea pembeni yake nikisema. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alipofika kwenye mche wa mwisho hakunihitaji tena, lakini alipomaliza aliniinulia uso, jasho linamtiririka, udongo umemfika viwikoni, akaniuliza, "Hivi ni sawa, dada?"

Nikautazama. Ulikuwa sawasawa kabisa, na nikamwambia ni sawa. Kisha nikaaga wazee, nikateremka ngazi peke yangu, mikono yangu ikiwa misafi.